Nichoree Kushuka Kwanza: Kisa cha Lifti ya Trekta Tuliyomjengea Kaka

Kaka yangu aliumia uti wa mgongo kwenye pingili ya kumi ya kifua. Kitovu ndicho mpaka. Juu yake anahisi kila kitu, na mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Chini yake hahisi moto, hahisi kubanwa, hahisi hata msumari. Kabla ya ajali alikuwa ameendesha trekta zaidi ya nusu ya umri wake, na siku aliyorudi nyumbani akiwa kwenye kiti cha magurudumu, jambo la kwanza aliloulizia lilikuwa funguo za trekta.

Kuendesha kwenyewe hakukutusumbua sana. Tuliunga fimbo ya chuma kwenye pedali ya klachi, nyingine kwenye pedali mbili za breki baada ya kuzifunga pamoja, na ndani ya wiki mbili mikono yake ilikuwa imezizoea. Kazi ilikuwa kufika kwenye usukani. Kiti cha trekta ile kiko sentimita 145 kutoka ardhini, kiti chake cha magurudumu kiko sentimita 50. Zile sentimita 95 za katikati ndizo zilizotula mwaka mzima.

Mwanzoni nilimbeba mgongoni. Mtu mmoja alisukuma kutoka chini, mimi nikakanyaga ngazi, yeye akashika usukani na kujivuta. Siku moja buti langu lilikuwa na tope, nikateleza kwenye kidaraja cha kwanza. Hatukuanguka. Nilishika madigadi, nikajiweka sawa, tukaendelea, naye akalima mpaka jioni. Usiku tulipomvua viatu, goti la kushoto lilikuwa limevimba na ngozi imekaza. Picha ya eksirei ilionyesha ufa kwenye mfupa chini ya goti. Mguu ulikuwa umegonga ngazi, na si yeye wala mimi tuliyejua. Mifupa ya miguu isiyobeba uzito hupoteza madini mwaka hadi mwaka, mpaka pigo ambalo mimi ningelisahau kabla ya jioni likatosha kuipasua. Na maumivu, ambayo ndiyo mlinzi wa kwanza wa mwili, kwake hayapo.

Alikuwa bado na plasta mguuni nilipomletea mchoro wangu wa kwanza wa lifti. Aliutazama muda mrefu, kisha akauliza, "Mdogo wangu, betri ikifa mimi niko juu, nashukaje?"

Sikuwa na jibu.

"Kupanda hata wewe unanipandisha," akasema. "Nichoree kushuka kwanza."

Nimekieleza kisa hiki kwa mafundi kadhaa tangu hapo, na karibu wote huanza pale nilipoanzia mimi: nguvu ya kuinua. Nguvu ya kuinua ndiyo sehemu rahisi. Mtu aliyepooza miguu anapokwama juu ya trekta hana ngazi, hana kuruka, hana kusubiri kwa starehe. Anatakiwa anyanyue makalio kupunguza mgandamizo kila baada ya dakika 15 hadi 30, na akikaa saa tatu bila kujinyanyua anaweza kupata kidonda kitakachomlaza miezi. Nyuki wakivamia, injini ikitoa moshi, mvua ikimkuta katikati ya shamba, njia yake ni moja, nayo ni mashine uliyomtengenezea. Kwa hiyo kila uamuzi ulio hapa chini tuliupima kwa swali lake lile.

Tulivyoikataa haidroliki

Wazo la kwanza la kila fundi niliyemwendea lilikuwa haidroliki. Trekta ina pampu, ina mafuta, ina mahali pa kuchomeka mpira. Chukua silinda moja ya jembe la zamani, kazi imekwisha. Ni wazo zuri kwa mzigo wa majani. Kwa kaka yangu lina kasoro mbili. Pampu hufanya kazi injini ikiwaka tu, na funguo ziko juu: akiwa chini na injini imezimwa, ataiwasha nani? Akiwa juu na injini imekufa, pampu haitamsaidia. Pili, mpira wa haidroliki ukipasuka kiti huanguka, isipokuwa kama kuna vali ya kuzuia iliyofungwa kwenye silinda yenyewe. Tukakubaliana kwamba nguvu itatoka kwenye betri, na betri isipokuwepo itatoka mkononi mwake.

Swali lake halikuwa geni duniani. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Purdue kilianza mwaka 1979 kazi ya kuwarudisha shambani wakulima wenye ulemavu, na sheria ya kilimo ya nchi hiyo ya mwaka 1990 ikazaa mpango wa AgrAbility ambao kazi yake ndiyo hiyo. Lifti za kiwandani zipo, na nyingi ni za ukoo mmoja: nguzo iliyofungwa ubavuni mwa trekta, kiti au jukwaa linalopanda kwenye nguzo, na mkono unaozunguka kumleta mtu karibu na usukani. Nilipotazama picha zake nilitafuta kitu kimoja tu, mpini wa dharura. Nilitaka kujua uko wapi, na kama aliyekaa anaufikia bila mtu wa kumsaidia.

Mbeleko ya turubai

Jaribio la kwanza lilikuwa kreni ndogo yenye mbeleko ya turubai, na winchi ya mkono, yaani ngoma ya kukunjia kamba, ile ya kuvutia mitumbwi. Lilidumu siku mbili. Mtu aliyening'inia hubembea, na magoti yake yaligonga madigadi kila alipopita. Akifika kwenye kiti alikuwa ameikalia mbeleko, hawezi kuitoa bila mtu wa kumnyanyua. Winchi nayo ilishikiliwa na meno tu, haikuwa na breki. Ukiyafungua meno ili ushushe, uzito wote unakuja kwenye mpini, na mpini ukikuponyoka unazunguka kwa kasi ya kuvunja mkono. Winchi ya aina hiyo imetengenezwa kwa ajili ya kuvuta kitu kilicho juu ya magurudumu au maji. Haikutengenezwa kwa mtu aliye hewani, na sikupaswa hata kuijaribu.

Kiti kilichoganda

Jaribio la pili ndilo lililotufundisha zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Nguzo ilikuwa bomba la mraba la milimita 80, unene milimita 5. Juu yake nilivisha ala, yaani kipande cha bomba kubwa kidogo kinachoteleza juu ya lile dogo, urefu wake sentimita 15. Kwenye ala nikachomelea mkono wa kiti. Katikati ya kiti palikuwa sentimita 45 kutoka kwenye nguzo. Winchi ya umeme ya volti 12 niliiweka chini ya nguzo, kamba ya waya ikapanda mpaka kwenye puli ya juu na kurudi kwenye ala. Nilipaka grisi, nikajisifu moyoni.

Tulipakia mifuko ya mchanga, kilo 100. Kiti kikapanda kikikwaruza, lakini kikapanda. Nikabonyeza swichi ya kushuka. Mota ikazunguka, kamba ikaanza kulegea na kujikunja juu ya ngoma, kiti hakikusogea hata unywele. Nikaachia swichi. Tulikuwa bado tunatazamana mfuko wa juu ulipoteleza kidogo pembeni, na kiti kikaporomoka mara moja hadi kamba ilipokaza. Zilikuwa kama sentimita 30. Mfuko mmoja ulipasuka na mchanga ukamwagika pale ambapo miguu yake ingekuwa.

Kaka alikuwa pembeni kwenye kiti chake cha magurudumu. Hakusema kitu. Aliinama, akachota mchanga, akaurudisha kwenye ndoo.

Sababu yake inaweza kuhesabiwa kwenye kipande cha karatasi, na ningeihesabu kabla ningeokoa wiki tatu. Mzigo ulio sentimita 45 nje ya nguzo unataka kuipindua ala. Ala inazuiwa kupinduka na kingo zake mbili, wa juu na wa chini, ambazo zimetengana sentimita 15 tu. Arobaini na tano kwa kumi na tano ni mara tatu: kila ukingo unaikandamiza nguzo kwa nguvu ya kilo 300. Chuma juu ya chuma chenye grisi iliyochoka kina msuguano wa karibu sehemu moja ya tano ya nguvu hiyo, yaani kilo 60 kila ukingo. Kingo mbili, kilo 120. Msuguano wa kilo 120 unashikilia mzigo wa kilo 100, basi kiti hakishuki. Ndiyo droo ya kabati inayovutwa kwa pembe moja. Wakati wa kupanda winchi ilikuwa inavuta kilo 220 na hatukujua, tulisikia tu mkwaruzo.

Dawa ya uongo ilikuwa mkononi mwangu: grisi zaidi. Ningepaka, kiti kingeshuka siku hiyo na wiki iliyofuata, kisha vumbi lingeingia na siku moja kingeganda kaka akiwa juu yake. Dawa ya kweli ilikuwa kuitupa ala. Badala yake tulitengeneza kigari chenye beringi zinazobingirika juu ya nguzo, za juu na za chini zikiwa zimetengana sentimita 40. Nguvu kwenye beringi ilishuka hadi kidogo tu juu ya uzito wenyewe, na kinachobingirika hakigandi kama kinachoteleza: msuguano wote sasa ni wa kilo chache. Kigari kikiwa kitupu kinashuka chenyewe kamba ikilegezwa. Hicho ndicho kipimo tulichojiwekea: kigari kisichoshuka kikiwa kitupu hakipandi mtu.

Lakini ule mporomoko ulinikaa rohoni. Kamba iliyolegea ndiyo dalili ya kila baya linaloweza kutokea kwenye lifti: kamba imekatika, klempu inayobana kamba imeachia, au kiti kimekwama huku ngoma inaendelea kutoa kamba. Mwaka 1854, kwenye maonyesho ya New York, fundi Mmarekani Elisha Otis alipanda jukwaa lililoinuliwa, akaamuru kamba ikatwe mbele ya watu, na jukwaa likanasa pale pale. Siri yake ilikuwa springi iliyozuiwa na mvuto wa kamba. Kamba ikilegea, springi inasukuma ndimi za chuma kwenye meno ya nguzo. Tukafanya hivyo hivyo kwa udogo wetu. Kamba inapita kwenye puli iliyofungwa juu ya mkono mfupi wenye springi. Mvuto ukiwepo, ulimi umerudi nyuma. Mvuto ukitoweka, ulimi unaingia kwenye tundu mojawapo la bapa lililotobolewa kila milimita 25. Ukitaka kuutoa unapandisha kiti kidogo kwanza, kamba ikaze.

Ilivyo sasa

Uamuzi ambao bila swali la kaka nisingeufikia ni mahali pa winchi. Kila mtu huiweka chini ya nguzo au juu yake. Sisi tuliiweka kwenye kigari, karibu na paja lake la kulia, na mwisho wa kamba tukaufunga kileleni mwa nguzo. Winchi inapanda na kushuka pamoja naye. Kwa hiyo mpini wa dharura uko mkononi mwake akiwa chini, akiwa katikati, akiwa juu, na hata akiwa ameshahamia kwenye kiti cha trekta bado anaufikia. Kigari kimeongezeka uzito, waya wa umeme umekuwa mrefu na inabidi ujikunje ndani ya mnyororo wa plastiki usikatwe. Ni gharama ndogo.

Winchi yenyewe ina gia ya parafujo: parafujo huzungusha gurudumu la meno, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha parafujo, kwa hiyo umeme ukikatika kiti kinabaki kilipo. Mafundi wengi huishia hapo. Mtikisiko wa injini unaweza kuifanya gia ya namna hiyo iteleze polepole, kwa hiyo tuliongeza breki inayokaa imebana muda wote, umeme unaiachia, na mpini wa mkono una kitasa cha kuiachia pia.

Uzito wa kuinuliwa ni huu: kaka kilo 82, kigari na kiti na winchi kilo 30, kiti cha magurudumu kilo 13. Jumla kilo 125. Kuzipandisha sentimita 95 kwa sekunde 20 ni kazi ya wati 58 tu. Kwa upotevu wa mota na gia tunavuta kama ampea 16 kwenye betri, na safari moja ya kupanda hula chini ya sehemu ya kumi ya ampea-saa. Ndiyo maana nasema kuinua ni rahisi. Kuwasha injini mara moja ni mzigo mkubwa zaidi kwa betri. Waya ni wa milimita za mraba 10, kwa sababu waya mwembamba wa taa unapoteza volti njiani na kupata moto, na fyuzi iko hatua moja kutoka kwenye betri, si mwisho wa waya. Kamba ya waya ni ya milimita 6, ambayo hukatika kwenye mvuto wa takriban tani 2, mara 16 ya mzigo wetu. Usione ni nyingi. Kamba inakunjwa kila siku kwenye puli, inashika kutu ndani usikoona, na aliye chini yake ni mtu. Klempu zake ni tatu, tandiko la kila moja likiwa upande wa kamba inayobeba na ule upinde wa U ukiwa upande wa mkia. Ukizigeuza, upinde unaichubua kamba pale pale inapobeba.

Nguzo imesimama upande wa kushoto, mbele ya tairi kubwa. Pembeni mwa nyumba ya klachi kulikuwa na matundu yenye nyuzi yaliyowekwa kiwandani kwa ajili ya kufungia koleo la mbele. Tulikata bapa la milimita 12 likalingana nayo, tukafunga kwa bolti za milimita 16 za daraja la nguvu 8.8, na kwa chini tukashika nyumba ya ekseli kwa bolti za U. Hatukuchomelea kitu chochote kwenye trekta. Nyumba ya ekseli ikipata moto wa kuchomelea inaweza kupinda kiasi cha kuharibu sili na beringi. Na ile fremu ya kumlinda dereva trekta ikipinduka, ambayo Uswidi ililazimisha kwa matrekta mapya tangu 1959, haiguswi kabisa, hata tundu moja. Imepigiwa hesabu ipinde kwa namna fulani na kumeza nguvu ya kupinduka. Tundu lako au weldi yako ndipo itakapokatikia. Nguzo ilivutia sana kufungwa hapo, iko karibu na imara machoni. Fundi mmoja alikwisha kushika drili. Nilimwomba aiweke chini.

Nguzo inazunguka juu ya bawaba nene mbili. Kiti kikifika juu, pini inafunguliwa, kaka anashika mpini wa madigadi na kujizungusha ndani robo duara. Pini ya springi inajifunga yenyewe pande zote mbili, kwa sababu kwenye ardhi iliyoinama kiti hutaka kuzunguka peke yake kufuata mteremko. Tulijaribu mahali penye mwinamo mdogo tu na mifuko ya mchanga ilizunguka kwa kasi iliyotutisha. Sharti likawa: uwanja tambarare, breki ya mkono imebanwa, gia huru, shafti ya nyuma inayoendesha zana imesimama. Swichi mbili zinakata umeme wa lifti kama breki ya mkono haijavutwa au gia haiko huru. Shafti ya nyuma, ambayo kwa mizunguko 540 kwa dakika hukamata nguo kabla hujajua, bado inategemea nidhamu yake.

Kuhama kutoka kiti hadi kiti kulimalizwa na rangi mbili kwenye nguzo. Mstari mweupe: kiti cha lifti kiko sentimita 3 juu ya cha trekta, anaingia akishuka. Mstari mwekundu: kiko sentimita 3 chini, anatoka akishuka. Pengo la sentimita 12 lililobaki linazibwa na ubao laini unaokunjuka. Swichi ni ya kushikilia. Kidole kikiondoka, kiti kinasimama.

Kiti chake cha magurudumu kinaning'inia kwenye ndoano ya kigari, kikiwa kimekunjwa. Mwanzo tulikiacha bandani. Ilitupasa kujiuliza mara ya pili, kwa lile lile swali: anashuka, halafu anakaa juu ya nini?

Ngozi

Wiki ya pili ya matumizi mama yetu, anayemkagua ngozi kila jioni, aliona doa jekundu kwenye kalio la kulia. Alilibonyeza kwa kidole, halikupauka. Doa lisilopauka ni kidonda cha mgandamizo kilichoanza, hata kama ngozi haijafunguka. Tulitafuta mpaka tukapata: kichwa cha bolti chini ya sponji nyembamba ya kiti cha lifti. Mimi nilikuwa nimekikalia kile kiti mara kumi na sikuona shida, kwa sababu mwili wangu ulikuwa unajisogeza bila kuniambia. Kaka alilala kifudifudi siku tisa. Sasa bolti zote zimezamishwa, juu yake kuna mto wake mwenyewe anaohama nao, na ukingo wa ubao umeviringwa ili asijikwaruze anapoteleza.

Miguu ilitutisha zaidi. Katika majaribio kidole cha buti lake kilitoka kwenye kibao cha miguu na kuingia chini ya ngazi ya trekta wakati kiti kinapanda. Nilipiga kelele, akaachia swichi. Angeendelea, asingejua mpaka aone. Tukaongeza kamba ya kushika visigino, kingo za bati pande zote za kibao, na swichi ya kugusa chini ya ukingo: ikikandamizwa na chochote, kupanda kunakatika na kushuka kunabaki. Pia bati la kukinga joto kati ya mashavu ya miguu na giaboksi. Kwenye kiti cha trekta anafunga mkanda wa nyonga, pamoja na mkanda mpana wa kifua, maana misuli ya tumbo lake haimshikilii trekta ikiyumba, na anaufungua kwa mkono mmoja.

Kabla ya mtu kupanda

Tulining'iniza kilo 190 usiku kucha, alama ya chaki kwenye nguzo. Asubuhi chaki na kigari vilikuwa pale pale. Kilo 250 kwa saa moja, kisha tukakagua kila weldi kwa taa na kitambaa cheupe. Tulipandisha na kushusha kilo 125 mara 50. Mwisho tukaikata kamba kwa makusudi, mzigo ukiwa sentimita 60 juu. Ulimi ulinasa, kiti kilishuka sentimita 3. Kaka ndiye aliyeshika mkasi wa kukatia chuma. Alisema hatapanda kitu ambacho hakukiona kikishindwa. Tukaweka kamba mpya, nikapanda mimi, kisha yeye, kwa siku mbili tukiishia sentimita 20 kutoka ardhini na godoro chini.

Kila Jumapili sasa anapitisha kitambaa juu ya kamba akitafuta uzi uliokatika, anajaribu ulimi kwa kuilegeza, na anazungusha mpini mizunguko kumi, asiusahau.

Mwezi wa tano tangu lifti ianze kazi, nilikuwa safarini. Mtikisiko ulilegeza kichwa cha betri, naye alikuwa mwisho wa shamba, jioni, trekta imezimika na haiwaki. Alinipigia simu mara mbili, sikusikia. Akavuta ubao, akahamia kwenye kiti cha lifti, akajizungusha nje, akachomeka mpini. Kutoka juu mpaka chini ni mizunguko 200. Alipumzika mara tatu. Kiti cha magurudumu kilishuka naye kwenye ndoano, magurudumu yakagusa udongo, akakikunjua na kuhamia. Kisha akaizunguka trekta mpaka kwenye betri, akaona waya uliolegea, akaukaza kwa spana aliyokuwa nayo mfukoni, akapanda tena kwa umeme na kuimaliza mistari iliyobaki.

Niliporudi alinionyesha kiganja kilichobabuka katikati. Mpini ulikuwa mfupi, sentimita 12, na ulikuwa unajisugua mkononi kwa sababu kishikio chake kilikuwa kimechomelewa. Kesho yake tuliurefusha hadi sentimita 18 na kuuvisha kipande cha bomba kinachozunguka chenyewe.